Kabla hujanunua ndege iliyokuwa ikirusha watu wa miavuli

Tangazo linasema: Cessna 182 ya mwaka 1965, injini imefanyiwa ovahoo, rangi mpya, viti vipya. Kwenye ndege yenye umri huo, rangi mpya ni jambo la kawaida. Viti vipya ndivyo vya kuulizia. Muulize dalali vile vya zamani vilikwenda wapi, kisha mtazame usoni.

Mara nyingi jibu ni kwamba viling'olewa miaka mingi iliyopita na havikurudi, kwa sababu ndege ilikuwa ikirusha watu wa miavuli, yaani warukaji wanaojitupa kutoka angani. Kazi hiyo si aibu. Ndege nyingi nzuri zimeifanya, na baadhi yake zimeishia kubeba watalii au mizigo ya kambi huku kwetu. Ila ni kazi yenye alama zake, na anayezijua alama hizo hauziwi mbuzi kwenye gunia pale Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha. Pia atajua lini bei imeshuka kwa haki na lini imeshuka kwa sababu.

Hakuna kiwanda kilichotengeneza 182 kwa ajili ya warukaji. Ilitoka mwaka 1956 kama ndege ya familia na ya mashamba: watu wanne, injini ya Continental O-470 yenye nguvu za farasi 230, bawa juu, magurudumu yasiyokunjwa. Bawa la juu ndilo lililoiponza. Mrukaji anaweza kutoka, akasimama kwenye ngazi juu ya gurudumu, akashika nguzo ya bawa, akaachia. Vilabu vya Marekani na Ulaya viliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi, spea zipo kila mahali, na ukibakiza kiti cha rubani peke yake, warukaji wanne wanakaa sakafuni wakiwa wameegemeana kama samaki kwenye tenga.

Anza na mlango wa kulia. Mlango wa kiwandani una bawaba upande wa mbele, kama wa gari. Mlango wa warukaji una bawaba juu; ukifunguliwa angani, upepo unauinua na kuubana chini ya bawa. Ndege ikirudishwa kwenye maisha ya kawaida, mlango wa zamani unarudishwa, lakini matundu hubaki. Pitisha kidole kwenye fremu ya juu ya mlango utafute ribiti zisizolingana na jirani zake, au vidoa vya duara vilivyozibwa kisha vikapakwa rangi. Inama chini ya bawa la kulia utafute mahali palipokuwa na raba au kishikio cha mlango. Angalia mguu wa gurudumu la kulia: ngazi ilifungwa hapo kwa boliti au kwa mkanda wa chuma, na chuma kilichobanwa miaka 20 hakikosi mchubuko. Hapo ndipo ufa huanzia, kwa sababu mguu wa gurudumu wa Cessna ni springi: mkwaruzo mmoja wenye kutu unatosha kuwa chanzo. Mwombe fundi akague eneo hilo kwa dawa ya rangi inayoonyesha nyufa. Macho hayatoshi.

Kisha nenda nyuma. Wengi hawafiki huku. Mlango uko kulia, kwa hiyo chochote kilichotoka vibaya kilielekea bawa dogo la mkia upande wa kulia: kiatu, kofia ngumu, au ule mwavuli mdogo unaovuta mkubwa ukifunguka kabla ya wakati mlangoni. Mwavuli ukijaa upepo mtu akiwa bado ameshika nguzo, humng'oa na kumtupa mkiani. Ndiyo maana rubani wa ndege hizi huvaa mwavuli wake mwenyewe, hata kama hana nia ya kuruka maisha yake yote. Pitisha kiganja taratibu kwenye ukingo wa mbele wa bawa la mkia, kutoka bodi hadi ncha, macho yakiwa yamefumbwa. Kidole kinaona bonde ambalo rangi mpya imelificha. Shika ncha ya bawa hilo, inua na shusha kidogo; ukisikia mlio au mchezo kwenye mabano yanayolishika, simamisha mazungumzo ya bei. Linganisha na upande wa kushoto. Kushoto kukiwa na ribiti za kiwandani na kulia kukiwa na ribiti za fundi, kuna tukio, na tukio hilo linapaswa kuwa limeandikwa.

Kuandikwa ni neno lenye uzito hapa. Kwa ndege iliyosajiliwa Marekani, kila badiliko kubwa au tengenezo kubwa huwa na fomu namba 337. Mlango wa warukaji ni badiliko kubwa. Kuuondoa pia ni badiliko. Ukitaka ndege ipate herufi za usajili wa Tanzania, 5H, mkaguzi wa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, atataka kuona mnyororo wa karatasi usiokatika, na matundu unayoyaona kwa macho lakini huyaoni kwenye karatasi yatakuwa mzigo wako, si wa muuzaji.

Ndani, nyanyua zulia. Zulia jipya kwenye ndege hizi hufunika habari nyingi. Warukaji hupanda wakiwa na matope na majani yenye umande, na mlango ukiwa wazi kwenye mawingu maji huingia. Chini ya mbao za sakafu kuna kebo za usukani na roda zake. Fungua vifuniko vya ukaguzi utafute kutu nyeupe ya alumini, mchanga uliogandamana na kebo yenye nyuzi zilizokatika. Njia ya kuzijua nyuzi hizo ni kitambaa cha pamba: kipitishe kwenye kebo, kikinasa, kebo inabadilishwa.

Kiti cha rubani ndicho pekee ambacho hakikuwahi kung'olewa, na kimesogezwa mbele na nyuma mara elfu kadhaa. Reli za viti vya Cessna zina matundu ambamo pini huingia. Matundu yakilika yanakuwa marefu kama yai, na pini huchomoka. Ndege inaponyanyua pua, kiti kinateleza hadi nyuma, rubani anashika usukani ili asianguke, na kwa kuushika anauvuta. Pua inapanda zaidi. Ajali za namna hii zilikuwa nyingi kiasi kwamba tangu 1987 kuna agizo rasmi la kukagua reli hizo. Usiridhike na saini kwenye daftari. Lala sakafuni na tochi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika bila mtu yeyote kusema uongo. Ndege ina saa 6,000. Je, ni nyingi? Inategemea. Ndege ya usafiri ikiruka saa moja, imetua mara moja. Ndege ya warukaji hupanda na kushuka kwa takriban nusu saa, kwa hiyo saa 1,000 ni safari 2,000 za kurusha watu, mara nyingi kwenye uwanja wa nyasi na rubani kijana anayekusanya saa. Wanaoumia ni magurudumu, breki, na kwa 182 hasa, ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba. Gurudumu la pua limefungwa kwenye ukuta huo. Rubani akitua na pua kwanza, ukuta unakunjamana sehemu ya chini. Fungua bodi ya injini, mulika chini nyuma ya mguu wa pua. Ukuta ulionyooka huakisi mwanga sawasawa; uliokunjamana unaakisi kwa mawimbi, kama bati lililokanyagwa. Kuutengeneza ni kushusha injini, na gharama yake hula sehemu nzuri ya bei ya ndege.

Tuje kwenye injini.

Kupanda na warukaji ni dakika 20 na ushei za nguvu zote kwa mwendo mdogo, yaani joto kubwa na upepo haba wa kupoza. Halafu rubani anapunguza nguvu ili watu watoke. Ndege nyepesi, tupu, mlango umefungwa, na kundi la pili linasubiri chini likitazama saa. Anaelekeza pua ardhini. Silinda zilizokuwa na joto la nyuzi 200 zinakutana na hewa ya karibu sifuri kwa kasi kubwa huku injini haizalishi moto wowote. Kichwa cha silinda ni alumini, pipa lake ni chuma, na viwili hivyo havisinyai kwa kiwango kimoja. Ufa ukitokea, sehemu unayoipenda ni kati ya tundu la plagi na valvu ya ekzosi.

Kanuni ya wazee ni kupunguza presha ya manifoldi, yaani ya hewa inayoingia kwenye injini, kwa inchi moja kila dakika, na kutoruhusu joto la silinda lishuke kwa zaidi ya nyuzi 30 kwa dakika. Kuna wataalamu wa injini wanaosema woga wa kupoa ghafla umetiwa chumvi, na kwamba kinachoua silinda ni joto la kupanda. Mabishano hayo hayamsaidii mnunuzi, kwa kuwa injini ya warukaji imepata yote mawili, mara 2,000. Kinachosaidia ni kujua rubani wake alishushaje. Injini isiyo na tabo, yaani isiyo na kipulizia cha kuishindilia hewa, ina tabia moja ambayo wageni huisahau: ukiacha wenzo wa nguvu ulipo na kushuka, presha inapanda yenyewe kwa takriban inchi moja kila futi 1,000, kwa vile hewa inazidi kuwa nzito. Rubani mzuri huurudisha wenzo kidogo kidogo njia nzima, akiwa amefunga vifuniko vya kupozea. Rubani mvivu anauvuta wote hadi mwisho, kisha anaushtua anapokaribia uwanja.

Kwenye O-470 uvivu huo una adhabu ya pili. Kabureta yake inajulikana kwa kugandisha barafu. Hewa ikipita kwenye koo la kabureta na petroli ikigeuka mvuke, joto linaweza kuporomoka kwa nyuzi 20 na zaidi, kwa hiyo asubuhi ya Julai pale Arusha, ukungu umeshuka kutoka Meru na kipimajoto kinasoma 15, barafu inawezekana kabisa ingawa hakuna anayeiona. Hewa ya moto ya kabureta inafunguliwa kabla ya kupunguza nguvu, si baada ya injini kuanza kukohoa. Injini iliyokwisha kupoa haina moto wa kuikopesha kabureta.

Kipimo cha kompresheni, yaani uwezo wa silinda kushika hewa, kifanyike injini ikiwa ya moto. Plagi moja ya kila silinda inatolewa, pistoni inaletwa juu, hewa ya presha ya psi 80 inaingizwa, na saa ya pili inaonyesha kilichobaki. Mtu wa pili ashike panga (propela) kwa nguvu, nje ya njia yake, kwani hewa hiyo inatosha kulirusha. Namba peke yake haisemi kitu kikubwa. 62 kwa 80 inaweza kuwa injini nzima au injini ya kufa, na kinachotofautisha ni sikio. Hewa ikifukuta kwenye bomba la ekzosi, valvu ya ekzosi inavuja, na kwa ndege ya historia hii hiyo ndiyo habari mbaya. Ikisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi, na ringi huvumilika zaidi. Baada ya hapo piga picha kila silinda kwa kamera ndogo ya kupenyeza kwenye tundu la plagi: valvu ya ekzosi yenye rangi sawa kuzunguka duara ni salama, yenye kipande kimoja cha ukingo kilichobadilika rangi inaungua.

Plagi zenyewe zitazame zikiwa zimetoka. O-470 za zamani zilitengenezwa kwa petroli ya oktani 80, yenye madini ya risasi kidogo. Petroli ya leo ni ile ya bluu, 100LL, yenye risasi nyingi zaidi, na injini yenye mgandamizo mdogo haiiunguzi yote. Plagi za chini hujaa vijiwe vya kijivu. Vikiwa vingi, plagi inakosa cheche, na injini inatikisika wakati wa kupima magneto, mitambo inayozipa plagi umeme wa cheche.

Mafuta nayo yana hadithi yake. Ndege ya warukaji hubeba kidogo iwezekanavyo, maana kila lita ni uzito. Matokeo yake ni mawili. La kwanza ni la rubani: ajali za kuishiwa mafuta zipo nyingi kwenye kazi hii. La pili ni lako wewe mnunuzi: Cessna nyingi za umri huo zina mifuko ya mpira ndani ya bawa badala ya matangi ya chuma, na mfuko unaokaa nusu tupu hukauka sehemu ya juu, ukapasuka. Mfuko uliowekwa vibaya hukunjamana chini, na mikunjo hiyo huficha maji ambayo hayafiki kwenye bomba la kumwagia. Unamwaga sampuli, ni safi, unaruka, pua inainuka, maji yanavuka mkunjo. Mwaga sampuli, tikisa mabawa, shusha mkia, mwaga tena.

Arusha imejaa Cessna 206, na nyingine zilipita kwenye kazi hii pia. Ina mlango wa mizigo wa mapande mawili nyuma kulia, ambao warukaji waliuondoa kabisa. Flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zikiwa chini, pande la mbele la mlango haliwezi kufunguka lote kwa sababu flapu imelizuia. Watu wamekwama majini kwa sababu hiyo. Kiwanda kiliweka swichi kwenye fremu inayozuia flapu kushuka mlango ukiwa wazi. Mlango ulipoondolewa, swichi hiyo ililazimika kubanwa au kuunganishwa moja kwa moja ili flapu zifanye kazi. Fungua mlango, washa umeme, jaribu kushusha flapu. Zikishuka, fundi maiko alisahau kurudisha alichokitoa.

Ndege za zamani zaidi, zile za kuvutia kamera, zina somo lake. Beech 18 iliruka mara ya kwanza Januari 15, 1937. DC-3, Desemba 17, 1935. Baada ya vita zilikuwa rahisi na nyingi, na vilabu vilizichukua. DC-3 wazee wa Moshi na Arusha waliijua kwa East African Airways. Beech 18 ilibeba warukaji kumi na kitu, na ina mambo mawili ya kuogopwa. Boriti yake kuu ya bawa ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, ambayo hupata nyufa. Tangu 1975 Marekani iliagiza utepe wa chuma wa kuishikilia, pamoja na ukaguzi wa eksirei. Isiyo na utepe wala picha za eksirei ni ya makumbusho. La pili ni uzito. Mlango uko nyuma, na watu wakijazana hapo na wengine wakining'inia nje, kitovu cha uzito kinarudi nyuma huku miili yao ikiuzibia mkia hewa. Pua inainuka, bawa linaacha kubeba, ndege inazunguka kama pia. Kwa hiyo ukiona mstari uliopakwa rangi sakafuni, usidhani ni pambo. Ni mpaka: nyuma yake wasizidi idadi fulani hadi wa kwanza waachie.

Injini za Beech 18, Wasp Junior za silinda tisa zilizopangwa duara, haziwashwi hivihivi. Oili huteremka usiku na kujikusanya kwenye silinda za chini, namba 5 na 6. Zima magneto, weka magogo kwenye magurudumu, zungusha panga kwa mkono kwa mwelekeo wake wa kawaida, hesabu mapanga manane au zaidi. Likigoma, usilazimishe, wala usilirudishe nyuma: kurudisha kunaisukuma oili kwenye bomba la kuingizia hewa, ambako inasubiri stata. Toa plagi za chini, acha itiririke. Oili haigandamizwi, anayewasha bila kuzungusha hupinda mkono wa pistoni, na mara nyingi haukatiki siku hiyo. Unakatika wiki tatu baadaye, ndege ikiwa angani.

NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri, ilichunguza kazi hii yote mwaka 2008: tangu 1980 ajali 32, vifo 172, wengi wao warukaji waliokuwa bado ndani ya ndege. Lawama kubwa ziliangukia matengenezo, marubani na usimamizi. Umri haukuwa kichwa cha habari.

Je, 182 kama hiyo ingeweza kurusha watu huku kwetu? Uwanja wa Arusha uko futi 4,550. Saa saba mchana, nyuzi 25, hewa inakuwa nyembamba kana kwamba uko futi 6,800, na farasi 230 wanabaki karibu 180. Moshi iko futi 2,800 tu, lakini joto lake la 30 linaipeleka hadi kama 5,300, kwa hiyo ardhini faida si kubwa kama watu wanavyodhani. Faida iko juu. Mrukaji anataka futi 10,000 juu ya ardhi. Kutoka Moshi ni 12,800 juu ya bahari. Kutoka Arusha ni 14,550, mahali ambapo rubani lazima avute oksijeni, kwani viwango vya kimataifa vinaitaka muda wote juu ya 13,000, na ambapo injini isiyo na tabo, wenzo ukiwa umesukumwa wote, inapata inchi 17 hivi na inapanda kwa kubembelezwa. Mwavuli nao utatua kwa kasi zaidi ya usawa wa bahari, takriban asilimia 10. Ndiyo maana Caravan na Twin Otter zimeichukua kazi hii duniani: turbaini haijali kupoa, na mafuta yake, Jet A-1, ni rahisi kupatikana kuliko petroli ya bluu.

Na ukishafika huko juu ya Kisongo, dakika 40 baadaye, mlango ukafunguka, kilele cha Meru chenye futi 14,980 bado kitakuwa juu yako.